Mchagua jembe si mkulima? Kaulize kwenye uwanja wa gofu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mkulima wa kweli hupewa jembe lolote akaingia shambani. Anayesimama kando akiligeuzageuza, mara mpini mrefu, mara bapa zito, huyo anatafuta sababu ya kukaa kivulini. Kwa shughuli nyingi methali hii haina mpinzani. Kwenye uwanja wa gofu inapata taabu kidogo.

Fika asubuhi ya Jumamosi kwenye tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, iwe Gymkhana ya Dar es Salaam au Royal Nairobi. Kedi mzoefu, yule mbeba begi, haulizi handikapu ya mgeni, yaani kipimo cha uwezo wake. Anatupa jicho kwenye begi. Akiona fimbo za chuma zenye vichwa vinene na maandishi ya rangi, anajiandaa kutafuta mipira vichakani. Akiona vichwa vyembamba kama visu, chuma kitupu, na katikati ya uso doa lililochakaa lenye ukubwa wa sarafu, anajua leo kuna mchezo. Doa lile ni ushahidi kwamba maelfu ya mipira yamepigwa palepale, siku baada ya siku.

Nyuma ya vichwa hivyo, majina hujirudia. Titleist, Mizuno, Ping, TaylorMade, Callaway, Srixon: ukipekua mabegi ya wachezaji wa kulipwa, au ya wale wa ridhaa wenye handikapu ya tarakimu moja, orodha haiendi mbali sana na hapo. Mtu wa nje husema ni matangazo. Mtu wa ndani husema ni mazoea. Wote wana chembe ya ukweli, ila sababu kubwa iko kwingine. Mchezaji hodari ana nguvu za kutosha za kufika mbali. Anachotafuta ni fimbo isiyomdanganya.

Wote wamefika ukutani

Tuanze na sheria. Gofu inaongozwa na vyombo viwili, R&A cha St Andrews, Uskoti, na USGA cha Marekani, na vyote vimekuwa vikiwabana watengenezaji kwa miongo mingi. USGA ilipoweka kikomo cha fimbo 14 kwa kila mchezaji mwaka 1938, R&A ilifuata mwaka mmoja baadaye. Kichwa cha draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460. Uso wake una mpaka wa kudunda. Ukiurudisha mpira kwa mchapuko uliopita kiwango, fimbo inakataliwa. Tangu 2010 hata mifereji inayochongwa kwenye uso wa fimbo za mashindano makubwa imewekewa vipimo vikali zaidi.

Matokeo yake kampuni zote kubwa zimefika kwenye ukuta mmoja. Draiva mpya ya kampuni hii na ya kampuni ile, zikipigwa katikati na mtu yuleyule, hupishana kwa hatua chache. Tangazo litasema vingine, kwa sababu hakuna tangazo linalouza bidhaa kwa kusema inafanana na ya jirani.

Kama umbali unakaribiana, basi kinachochaguliwa ni nini? Fikiria mchezaji wa wikiendi aliye mita 150 kutoka shimoni. Akipiga fimbo namba 7 na mpira ukaenda mita 160, anafurahi na kuwasimulia wenzake mezani. Kwa mchezaji wa kulipwa huo ni mkosi. Nyuma ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo, kuna mchanga, au maji, au mteremko, na mita 10 za ziada ambazo hakuziomba zinaweza kumgharimu mikwaju miwili. Anaogopa mpira unaopitiliza kuliko anavyoogopa mpira unaopungukiwa, kwa kuwa ule wa kupungukiwa kosa lake huwa analijua, na ule wa kupitiliza huwa umekuja wenyewe.

Hapo ndipo fimbo za aina mbili zinapoachana. Fimbo za kumsaidia mchezaji wa kawaida zimechimbwa mgongoni ili uzito uende pembeni, nyayo zimetanuliwa, na uso umefanywa mwembamba unaodundisha. Ukipiga pembeni ya kitovu, kichwa hakipindi sana na mpira unafika. Pia mwinamo wa uso umesimamishwa. Namba 7 ya mtindo wa zamani huwa na nyuzi 35 hivi. Namba 7 nyingi za kisasa za kutafuta umbali zimeshushwa hadi nyuzi 29 au 28. Mtu anajisifu kuwa namba 7 yake inafika mbali, kumbe ameshika namba 5 iliyobadilishwa jina.

Mchezaji hodari anakubali kupoteza msaada huo. Kichwa chembamba kikipigwa vibaya, kinauma mikono na mpira unapungua. Lakini kikipigwa vizuri, mpira unaenda umbali uleule wa jana na wa juzi. Kwake maumivu ya mikono ni habari. Kampuni zilizojenga jina kwa watu wa aina yake ni zile zinazoweza kutoa kichwa cha namna hiyo mwaka hadi mwaka bila kubadilika, gramu kwa gramu.

Mlio uliozaa jina

Baadhi ya majina hayo yalianza na mtu mmoja aliyekuwa mchagua jembe kweli kweli. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norwe, mwaka 1911, akapelekwa Marekani angali mtoto mdogo, akashona viatu kabla ya kuwa mhandisi wa General Electric. Gofu aliianza na miaka 42, tena kwa kuvutwa na wenzake wa kazini. Mpira ukawa unamgomea pale karibu kabisa na shimo. Wengine wangelaumu mikono yao. Solheim alilaumu fimbo.

Alikuwa na hoja. Katika fimbo za kusukumia za wakati ule, ambazo makedi wetu huziita pata, uzito ulirundikana katikati ya kichwa. Mpira ukiguswa kando kidogo, kichwa kilijipinda na mpira ukachepuka. Solheim akauhamishia uzito kwenye ncha mbili, kama mtu anayetembea juu ya kamba akishika mti mrefu ili asiyumbe. Mwaka 1959, katika gereji ya nyumba yake huko Redwood City, California, akapata fimbo iliyotoa mlio mwembamba kila ilipogusa mpira. Mlio huo, ping, ndio jina ambalo kampuni inalibeba hadi leo.

Mwaka 1966 akachora umbo jingine juu ya mfuko wa sahani ya santuri kwa kuwa hakuwa na karatasi karibu. Mkewe Louise alipendekeza liitwe kwa neno la Kiingereza lenye maana ya jibu. Herufi zikawa nyingi mno kwa kichwa kidogo, wakadondosha w moja, na Anser ikazaliwa. Mwaka uliofuata mchezaji Julius Boros aliitumia kushinda Phoenix Open. Umbo lile limeigwa na karibu kila kampuni tangu hapo. Newport, fimbo maarufu ya Scotty Cameron inayouzwa chini ya mwavuli wa Titleist, ni mjukuu wake wa wazi.

Solheim alifundisha jambo la pili ambalo wachezaji wa kweli hawakulisahau. Watu hawalingani urefu wala urefu wa mikono, na fimbo ikilala vibaya chini, ncha ikainuka, mpira huenda kushoto hata kama pigo lilikuwa safi. Ping ikaweka alama za nukta za rangi kwenye vichwa, kila rangi na pembe yake, nyeusi ikiwa ya kawaida. Kuanzia hapo kununua fimbo kukafanana na kushona suti: fundi anakupima kwanza. Mteja aliyewahi kupimwa vizuri hurudi kwa fundi yuleyule, na mapenzi mengi kwa kampuni fulani yalianzia kwenye kipimo cha namna hiyo.

Kufua na kusubu

Kuna njia mbili kuu za kupata kichwa cha chuma, na Kiswahili kinazo tangu enzi za wahunzi: kusubu na kufua. Kusubu ni kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu. Ni njia nzuri kwa maumbo yenye mapango na kona, na Ping ilifika mbali kwayo. Kufua ni kupasha moto kipande cha chuma laini na kukigonga kwa mashine mpaka kiwe kichwa.

Wajapani ndio walioipa kazi ya kufua heshima yake katika gofu ya leo. Mizuno, kampuni iliyoanzishwa Osaka mwaka 1906, hufulia vichwa vyake Hiroshima. Kampuni ya Miura iko Himeji, eneo lenye historia ndefu ya wahunzi wa panga. Chuma wanachotumia kina kaboni kidogo, kwa hiyo ni laini kuliko cha vichwa vingi vya kusubu, na ulaini huo una faida inayopimika: fundi anaweza kukipinda kichwa nyuzi moja au mbili kwenye koleo lake, ili namba 6 isikaribiane mno na namba 7, au ili mtu mfupi apate pembe yake. Kichwa cha chuma kigumu hupinda kwa shida, na kikilazimishwa kinaweza kupasuka.

Halafu kuna kile ambacho wachezaji hukiita hisia. Ukimwuliza mchezaji mzuri kwa nini anapenda Mizuno, atasugua vidole gumba na vya shahada kama mtu anayepima kitambaa, atafute neno, alikose. Wahandisi wanalijua neno hilo: ni sauti. Uso na mpira hukutana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kabla mikono haijapata habari, mpira umekwisha ondoka. Kinachobaki mkononi ni mtetemo, na kinachobaki sikioni ni mlio, na ubongo huvichanganya viwili hivyo ukavipa jina moja. Ndiyo maana kampuni hizi hurekodi milio ya vichwa vyao na kuongeza au kupunguza chuma nyuma ya kitovu mpaka mlio ukolee.

Mtu asidhani hayo ni maringo. Mlio ndio unaomwambia mchezaji, kabla hajainua macho, mpira umegusa wapi. Chukua mfano wa Tiger Woods. Alipoanza kucheza kwa kulipwa mwaka 1996, Titleist walikuwa wamempa mkataba wa vifaa. Aprili 1997, akiwa na miaka 21, alishinda mashindano ya Masters kwa tofauti ya mikwaju 12, na fimbo za chuma zilizokuwa begini mwake zilikuwa za Mizuno, zilezile alizozizoea tangu akiwa wa ridhaa.

Mpini hauonekani kwenye runinga

Mtazamaji huona jina kwenye kichwa. Mchezaji anaanza kwenye mpini. Ndio injini ya fimbo, wanasema mafundi: ukiwa laini kuliko kasi ya mchezaji, kichwa huchelewa au huwahi na mpira hutawanyika, ukiwa mgumu kupita kiasi, mpira hauinuki. Mashindanoni, kasi ya kichwa cha draiva ya mchezaji wa kulipwa wa Marekani ni wastani wa kilomita 180 hivi kwa saa. Mpini uliotengenezewa mzee anayepiga polepole hauwezi kuistahimili.

Kwa sababu hiyo, watu wawili wanaweza kubeba vichwa vya kampuni moja na wasishike kitu kimoja. Mmoja ana mpini wa chuma wa True Temper wenye gramu zipatazo 130, mwingine ana wa nyuzi za kaboni wa nusu ya uzito huo. Aliyenunua fimbo za bingwa kwa kufuata jina la kichwani tu amenunua gari kwa kutazama rangi.

Siku hizi mabishano huamuliwa na rada. TrackMan, kifaa kilichobuniwa Denmark kwa teknolojia ya kufuatilia vitu virukavyo, hupima kasi ya mpira, pembe ya kupaa na mizunguko yake kwa dakika. Mchezaji hupiga mipira 10 na fimbo hii, 10 na ile, kisha anatazama ni ipi iliyokusanya mipira yake mahali padogo. Mara nyingi inayoshinda si ile iliyopiga mpira mmoja mbali kuliko yote. Ni ile ambayo mipira yake yote 10 ingefunikwa na mkeka mmoja.

Fedha nayo ina sauti

Haitakuwa haki kuacha suala la mikataba. Wachezaji wakubwa hulipwa kubeba majina, na mabadiliko ya ghafla ya begi mara nyingi yana hundi nyuma yake. Lakini historia ya mabadiliko hayo ndiyo inayoonyesha fimbo ina uzito gani kuliko bango.

Septemba 2004 Phil Mickelson aliiacha Titleist akaenda Callaway siku chache kabla ya Kombe la Ryder, akacheza vibaya, na lawama zikamwangukia. Januari 2013 Rory McIlroy, akiwa namba moja duniani, alihamia Nike na kuanza nayo kwenye mashindano ya Abu Dhabi. Baada ya raundi ya kwanza tu aliiweka kando fimbo mpya ya kusukumia na kurudia Scotty Cameron yake ya zamani. Bado alitolewa katikati ya mashindano. Wote wawili walikaa sawa baadaye. Mickelson alishinda Masters ya 2006 akiwa na draiva mbili za Callaway begini, moja ya kupinda mpira huku na nyingine ya kuupinda kule. McIlroy alichukua mataji mawili makubwa mwaka 2014 na fimbo za Nike. Fimbo mpya hazikuwa mbovu. Ila mwili ulihitaji muda kujifunza upya milio yake.

Agosti 2016 Nike ilitangaza kuacha kutengeneza fimbo, na wachezaji wake wakabaki huru. Mmoja wao, Brooks Koepka, akaamua kutosaini na mtu. Alichukua draiva ya TaylorMade, fimbo za chuma za Mizuno na ya kusukumia ya Scotty Cameron, na kati ya 2017 na 2019 akashinda mataji manne makubwa. Ukitaka kujua bingwa angechagua nini kama hakuna anayemlipa, begi lile ni jibu zuri: kila kazi na fundi wake. Hata wenye mikataba huachiwa nafasi. Scottie Scheffler ni mtu wa TaylorMade, lakini weji zake, fimbo za mikwaju mifupi, na mpira wake ni vya Titleist.

Na hata kichwa kilekile hubadilika kwa kutumika. Mei 2025, kwenye PGA Championship, draiva za McIlroy na Scheffler zilipimwa na kukataliwa. Kupigwa sana huufanya uso ukonde na kudunda kuliko ruhusa. Wote walilazimika kutumia nyingine. Scheffler alishinda, McIlroy hakuwahi kuingia kwenye ushindani.

Kutoka Pedreña hadi Nairobi

Sisi huku tuna sababu yetu ya kujua fimbo inavyosema. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na mkwaju unaofika mita 150 kule pwani, Dar es Salaam au Vipingo, unaweza kukaribia mita 160 huko. Kila anayekuja kwenye Kenya Open, mashindano yaliyoanza 1967, hutumia siku zake za mazoezi kuandika upya umbali wa kila fimbo. Mwenye fimbo zinazopiga leo hivi na kesho vile hana cha kuandika.

Mwaka 1978 mashindano hayo yalishindwa na Mhispania wa miaka 20, Severiano Ballesteros. Mtoto huyo wa Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Hispania, alijifunza gofu kwenye mchanga wa ufukweni akiwa na fimbo moja, namba 3 kuukuu. Kwa fimbo hiyo alijifunza kupiga juu, kupiga chini, kutoka mchangani na kusukuma. Hapa methali yetu ingepiga makofi. Na wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki wangeitambua hadithi hiyo kama yao: walianza kama makedi, na fimbo iliyoachwa na mwanachama au ya mtumba, jina limefutika, mpini wa mtu mwingine.

Lakini tazama walichofanya walipofika juu. Walichagua. Aliyekulia kwenye fimbo moja anaijua tofauti ya mlio kuliko aliyenunuliwa seti nzima siku ya kwanza, na siku anayoweza kuchagua, anachagua kwa sikio. Kisha anaacha kuchagua. Woods alishinda mataji makubwa 15. Katika 14 alisukuma mpira wa mwisho kwa Scotty Cameron ileile, kuanzia 1999 hadi Masters ya 2019. Katika miaka hiyo 20 maduka yalijaa fimbo za kusukumia za kila umbo, na mgongo na goti lake vilipita visuni mara kadhaa. Fimbo ya mataji ilibaki ileile.

Methali, basi, haikukosea sana. Inamsema yule anayechagua kila msimu wa mvua. Kwa huyo kuna kipimo kisicho na gharama. Kabla ya kuuza seti yako na kufuata jina jipya, geuza namba 7 na utazame uso wake kwenye mwanga. Kama mchubuko umekusanyika mahali pamoja, padogo kama sarafu, nenda kwa fundi ukapimwe. Una haki ya kuwa mbishi kuhusu chuma na mpini. Kama michubuko imetapakaa kutoka kisiginoni hadi nchani, rudi kwenye uwanja wa mazoezi na ndoo ya mipira, na jembe ulilonalo.